Mtoto Mwerevu Anayeshindwa na Kitabu: Namna ya Kutambua Dalili za Disleksia

Katika shule nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru yupo mtoto ambaye walimu wake hawakubaliani juu yake. Mwalimu wa sayansi humsifu kwa kuwa hujibu swali kabla halijamalizika, ilhali mwalimu wa lugha huandika kwenye ripoti ya muhula kwamba angefanya vizuri zaidi lau angeacha uzembe. Nyumbani ndiye anayejua bei ya omena kwa gorogoro na kwa debe, ndiye anayekumbuka madeni yote ya kibanda cha mama yake, na vitendawili vikitegwa jioni ndiye wa kwanza kutegua. Mpe ukurasa wa Gredi ya 2 ausome peke yake, naye ataanza kukohoa, ataomba maji, atauliza kama mbuzi wamefungwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mwalimu wa mtoto wa namna hiyo, ambaye amekwisha kujiuliza mara kadhaa inakuwaje kichwa chepesi namna ile kishindwe na sentensi ya maneno sita.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, pamoja na kuyaandika kwa tahajia sahihi, na chanzo chake kikuu ni namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Haitokani na macho, haitokani na uvivu, na haina uhusiano na upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari W. Pringle Morgan wa Sussex, Uingereza, alichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, ambaye alikuwa mwepesi wa hesabu na hodari wa michezo, lakini baada ya miaka mingi ya kufundishwa aliweza kuandika jina lake mwenyewe "Precy" bila kuona kosa. Mwalimu wake alisema kwamba kijana huyo angewapita wote shuleni kama mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Sijaona swali la kuanzia lililo bora kuliko hilo: kama shule ingekuwa ya mdomo mtupu, bila daftari wala ubao, mtoto wako angekuwa katika nafasi gani?

Makadirio mengi huweka idadi ya watoto wenye hali hii kati ya asilimia 5 na 10, kwa hiyo darasa la watoto 60, ambalo si la ajabu katika mitaa ya Kisumu, linaweza kuwa na watatu hadi sita. Wengine watatambuliwa kwa kuwa wanashindwa waziwazi. Mwerevu ndiye anayepita katikati ya vidole.

Anavyojificha

Mara nyingi mtoto huyu hajui kwamba anajificha. Madarasa ya chini husoma kwa pamoja: mwalimu anaelekeza kijiti ubaoni, na darasa zima linaimba. Mwenye kumbukumbu kali humeza ukurasa baada ya kuusikia mara mbili, akafika nyumbani na kukusomea hadithi yote bila kusitasita, nawe ukafurahi. Wakati huo usitazame uso wake, tazama kidole. Utakuta mdomo unasema "sungura akamwambia fisi" na kidole kiko bado chini ya "hapo zamani", au kimekwisha kushuka mstari wa pili ilhali maneno ya mstari wa kwanza hayajaisha. Funika picha kwa kiganja, kisha umwombe aanze na sentensi ya tatu, au umwandikie neno "akamwambia" peke yake kwenye kipande cha karatasi. Anayesoma atalisoma. Aliyekariri atanyamaza, au atabahatisha neno lolote linaloanza kwa herufi ileile: "akaenda", "akamwona", "akasema".

Mwalimu anaweza kulibaini jambo hilihili darasani akimsikiliza mtoto mmoja katikati ya sauti nyingi, kwa maana asiyesoma huja nyuma kidogo ya wenzake, akidaka silabi ya kwanza kutoka kwao na kuimaliza pamoja nao. Ishara nyingine ni za tabia na huchukuliwa kuwa utundu. Yupo anayeomba ruhusa ya kwenda msalani kila zamu yake ya kusoma inapokaribia, yupo anayegeuka mchekeshaji wa darasa, na yupo anayeumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, tumbo ambalo hupoa basi la shule likishaondoka. Wavulana hupelekwa kutathminiwa zaidi ya wasichana, na sehemu ya sababu ni kwamba fadhaa ya mvulana hugeuka fujo ambayo hakuna anayeweza kuipuuza. Msichana mwenye shida ileile huketi kimya, hunakili kwa jirani yake, mwandiko wake huwa safi, na mwaka unapita.

Kwa sababu ana akili, alama zake zinaweza kuelea kwenye "kukaribia matarajio", na katika muhula mzuri zikafika "kufikia matarajio". Hilo lisikutulize. Alama ya wastani kwa mtoto ambaye mazungumzo yake yako juu sana ya wastani ni dalili yenyewe, hasa ukiona kwamba kazi ya nyumbani ambayo jirani yake huimaliza kabla ya chakula cha jioni kwake huendelea mpaka watu wanalala, na machozi juu.

Dalili za mapema

Kabla ya shule dalili huwa chache na si za kutegemewa sana, lakini ni vyema kuziweka akilini. Baadhi ya watoto hawa walichelewa kuzungumza. Wengine hupanga upya silabi za maneno marefu kwa muda mrefu kuliko wenzao, wakisema "karasati" badala ya karatasi hata baada ya kufika PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Kuna wasiopata ladha ya mashairi ya kitoto yenye vina, wanaosahau majina ya vitu wanavyovijua vizuri, kwa hiyo mwiko unakuwa "ile ya kukorogea", na wanaoshindwa kushika mpangilio wa siku za juma ingawa wanaweza kukueleza kwa undani jinsi injini ya bodaboda inavyofanya kazi.

Dalili yenye uzito kuliko zote katika umri huo iko kwa jamaa. Disleksia hutembea katika ukoo, na mtoto ambaye mzazi wake mmoja anayo yuko katika hatari ambayo makadirio mengi huikaribisha na nusu. Wazazi wetu wengi hawakuwahi kutathminiwa, kwa hiyo usiulize kama kuna mwenye disleksia. Uliza ni nani aliyeacha shule mapema ilhali kila mtu alijua ana kichwa, ni mjomba gani anayemwomba mkewe amsomee ujumbe wa simu, ni shangazi gani anayekumbuka hesabu zote za chama lakini hakubali kuwa katibu.

Gredi ya 1 hadi ya 4

Hapa ndipo macho yafunguke. Wengi wetu tumeambiwa tutafute mtoto anayegeuza b kuwa d, na mzazi akiona hivyo mara moja anashtuka. Ukweli ni kwamba watoto wengi hugeuza herufi mpaka miaka 7 hivi na kisha huacha, na wapo wenye disleksia wasiogeuza hata moja. Kugeuza kunakoendelea hadi Gredi ya 3 au ya 4 kuna maana, lakini kama sehemu tu ya mambo mengine.

Mambo hayo mengine ni haya. Mtoto husoma neno "soko" vizuri kwenye mstari wa kwanza na kulishangaa kwenye mstari wa nne kana kwamba hajawahi kukutana nalo. Anaruka maneno madogo kama "na", "ya" na "kwa", au anayabadilisha. Anasoma "nilimwona" pale palipoandikwa "alimwona", kwa kuwa ameshika umbo la neno na kukisia lililobaki. Akinakili kutoka ubaoni, kichwa chake huinuka kwa kila herufi moja au mbili, wakati wenzake huinua kichwa mara moja kwa neno zima; kengele inapolia ana mistari miwili na wao wamefunga daftari. Hesabu za kichwa anazimudu, lakini hesabu ileile ikivikwa maneno, kwamba Mama ana maembe 24 na anataka kuwagawia watoto watatu, anaijumlisha au anaiacha. Jedwali la kuzidisha halimkai kichwani hata kwa wimbo.

Angalia pia daftari la imla, kwa sababu ni ushahidi usiokohoa wala kuomba maji. Sentensi ilikuwa "Mama alinunua samaki sokoni", na yeye ameandika "mama alinua samki sokni". Msikilize akiitamka: anaisema yote sawasawa, hakuna sauti inayokosekana mdomoni. Zinapotea njiani, kati ya sikio na kalamu. Siku ya pili neno lilelile litaandikwa kwa namna nyingine, na hilo la kuandika neno moja kwa sura tatu katika ukurasa mmoja ni dalili ninayoipa uzito kuliko mwandiko mbaya, ambao una sababu nyingi.

Lugha tatu katika kichwa kimoja

Vitabu vingi vya disleksia vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa Kiingereza, na mzazi wa Kisumu au Nakuru akivifuata neno kwa neno vitampotosha. Watoto wetu huzungumza Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin au Kikuyu nyumbani, Kiswahili sokoni na uwanjani, na Kiingereza kwenye vitabu. Sera ya elimu inataka lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa ya chini na Kiingereza kichukue nafasi yake kuanzia Gredi ya 4, ingawa shule nyingi za binafsi mijini huanza na Kiingereza tangu chekechea. Mtoto anaposhindwa kusoma katika mazingira hayo, ni rahisi sana kuilaumu lugha, na ni rahisi vilevile kuilaumu disleksia pale ambapo lugha ndiyo yenye lawama.

Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga: sauti zake huandikwa kwa utaratibu usiobadilika, silabi nyingi huishia kwa irabu, na aliyekwisha kushika ba-be-bi-bo-bu anaweza kutamka karibu neno lolote. Kiingereza hakina utaratibu huo, na anayejua kusoma "though" hajapata msaada wowote wa kusoma "enough". Kwa hiyo disleksia ileile huonekana kwa sura mbili. Katika Kiingereza mtoto hukosea. Katika Kiswahili, kama ilivyoonekana pia kwa watoto wa Kijerumani na Kiitaliano ambao lugha zao huandikwa kwa utaratibu ulionyooka zaidi, mara nyingi hupatia lakini kwa mwendo wa kinyonga, akikokota "a-li-po-wa-ka-ri-bi-a" silabi kwa silabi akiwa Gredi ya 4, na anapofika mwisho wa neno amesahau mwanzo wake. Mzazi husikia maneno yametoka sawa, akahitimisha kwamba Kiswahili hakina shida, kumbe kasi ndiyo iliyokuwa ikizungumza.

Pima kasi, basi. Viwango vilivyotumika nchini katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioanza mwaka 2015 kwa madarasa ya chini, vilimhesabu mtoto kuwa anasoma kwa ufasaha akifikisha maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, au 65 ya Kiingereza. Cha Kiswahili ni kidogo kwa kuwa maneno yetu ni marefu, na "hawakutuambia" ni neno moja. Mtoto mwerevu wa Gredi ya 4 anayesoma Kiswahili kwa maneno 20 kwa dakika, huku akikosea Kiingereza kila mstari, anastahili tathmini. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa wepesi na kukwama katika Kiingereza tu, huyo kwa uwezekano mkubwa anahitaji mwalimu bora wa Kiingereza, au kukisikia zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wageni katika eneo hulichanganya. Mtoto wa Kijaluo anayeandika "samba" badala ya shamba, wa Kikalenjin au Kibukusu anayeandika "papa" kwa baba, na wa Kikuyu anayeandika "rara" kwa lala, wote wanaandika wanavyotamka. Hayo ni makosa ya lugha ya kwanza, yanafuata kanuni, na ukikaa na mtoto utaweza kuyatabiri. Makosa ya disleksia hayatabiriki hivyo: anatamka "shamba" kikamilifu na kuandika leo "sham", kesho "shaba", keshokutwa "shmaba".

Namna ya kumchunguza nyumbani

Chagua jioni ambayo hakuna haraka, na mwambie ukweli kwamba unataka kujua jinsi kichwa chake kinavyofanya kazi na maneno, wala hakuna alama zitakazotolewa. Usimwite mbele ya ndugu zake wadogo. Mdogo wa Gredi ya 1 akipokonya kitabu na kusoma, uchunguzi umekwisha.

Anza na mdomo, ili upate kipimo cha akili ambacho hakijapita kwenye maandishi. Msomee hadithi ambayo hajawahi kuisikia, iwe ngumu kidogo kuliko kiwango cha darasa lake, kisha umwombe akusimulie na umuulize kwa nini mhusika alifanya alivyofanya. Baadaye, siku nyingine, mpe hadithi ya ugumu uleule aisome mwenyewe kimya na umuulize maswali ya aina ileile. Mtoto anayefahamu kwa sikio lakini hafahamu kwa jicho ndiye tunayemtafuta. Ikiwa hafahamu kwa njia zote mbili, shida ni nyingine na inahitaji kuangaliwa kwa upana zaidi.

Kisha mcheze na sauti. Mchezo wa kinyume, ule wa kuhamisha silabi ya mwisho kuja mbele, unafaa sana: meza inakuwa "zame", kitabu kinakuwa "bukita", nyumba inakuwa "mbanyu". Watoto wengi wa miaka 8 hivi huushika upesi na baada ya muda mfupi wanakupita wewe. Usiishie hapo, maana mtoto aliyeimbishwa silabi tangu chekechea anaweza kuzimudu silabi na bado akawa hawezi kutenganisha sauti moja moja, na hapo ndipo penye kiini cha disleksia. Mwambie aseme "chai" bila sauti ya kwanza. Mwambie atoe "p" kwenye paka na kuweka "s". Muulize "moto" na "mota" vinatofautiana wapi. Yote hayo ni kwa mdomo, bila karatasi.

Hatua ya tatu ni maneno ya uongo, na kwa mtoto mwerevu hii ndiyo inayofichua zaidi, kwa sababu neno ambalo halipo haliwezi kukaririwa wala kukisiwa. Mwambie kwamba hayo ni majina ya majoka ya kwenye hadithi, kisha umwandikie: bodake, mifuno, ng'opili, dwambeki, shutandwe. Asiye na shida atayasoma akicheka. Mwenye disleksia atayageuza kuwa maneno anayoyajua, "mifuno" ikawa mifugo, au atachukua muda mrefu mno kwa kila moja, ingawa dakika tano zilizopita alikusomea ukurasa wa kitabu chake cha shule bila tatizo.

Maliza kwa kusoma kwa dakika moja kwa saa ya simu, ukurasa mgeni wa Kiswahili, na siku nyingine wa Kiingereza, ukihesabu maneno aliyoyapatia, halafu imla ya sentensi tano fupi. Ukiweza kupata kitabu katika lugha ya nyumbani, afadhali zaidi. Hifadhi karatasi zote na uziandike tarehe. Rudia baada ya miezi mitatu, kwa maana mtoto anayefundishwa vizuri na hana disleksia husogea, hata kama ni polepole.

Usimwambie mtoto kwamba ana disleksia baada ya uchunguzi huu. Ulichonacho ni sababu ya kwenda kutafuta tathmini, na hakuna zaidi.

Kwanza ondoa sababu nyingine

Macho na masikio yapimwe kabla ya kitu chochote, hata kama mtoto anakuhakikishia kwamba anaona mpaka ng'ambo ya ziwa. Kliniki ya macho ya hospitali ya kaunti inatosha, na kwa walio Vihiga na jirani ipo Hospitali ya Macho ya Sabatia. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara utotoni hupunguza usikivu katika miaka ileile ambayo mtoto anajifunza kutofautisha sauti. Kwa eneo letu kuna mambo mawili ambayo vitabu vya ng'ambo havitayataja. Malaria kali iliyoingia kichwani, yenye degedege na kuzirai, huweza kuacha athari katika kumbukumbu na umakini. Na ugonjwa wa damu wa selimundu (sickle cell), ambao umeenea magharibi mwa Kenya, huweza kusababisha viharusi vidogo vya ubongo ambavyo hakuna aliyeviona. Historia kama hiyo aambiwe daktari waziwazi. Tofauti na disleksia, athari hizo huwa hazichagui kusoma peke yake.

Hesabu pia siku alizokosa shule. Mtoto aliyehamishwa shule mara tatu kwa sababu ya mafuriko ya Nyando au ya kazi ya baba hajapata nafasi ya kujifunza kusoma, na hiyo si disleksia mpaka afundishwe na bado ashindwe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka ugumu uwe umedumu kwa angalau miezi 6 ingawa mtoto amepewa msaada mahususi, na ni kigezo cha busara hata kwetu. Msaada mahususi maana yake ni kufundishwa sauti na herufi kwa utaratibu, kidogo kidogo, kila siku. Tuisheni ya Jumamosi inayorudia kwa sauti kubwa yaleyale ya darasani haihesabiki.

Kuna watakaokuuzia miwani ya rangi, na wengine dawa za kuongeza akili. Okoa pesa zako. Wapo pia watakaokuambia kwamba disleksia ni kipaji kilichofichwa na kwamba kila mwenye nayo atakuwa mvumbuzi. Mtoto wako ni mwerevu kwa sababu ni mwerevu, na bado anahitaji kufundishwa kusoma.

Kwenda shuleni na kwenye tathmini

Mwendee mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, saa ambayo hana watoto mbele yake, na usianze kwa lawama. Maneno ya namna hii hufungua mlango: "Mwalimu, shikamoo na pole kwa kazi. Nimeona mwanangu anaelewa nikimsomea lakini akisoma mwenyewe anakwama, na nimekuja na daftari zake. Wewe unaonaje darasani?" Mwalimu mwenye watoto 60 huenda ameliona jambo hilo na hakuwa na mtu wa kumweleza. Mwombe mambo madogo yanayowezekana: asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake bila kumwandaa, amkalishe karibu na ubao, amruhusu kujibu baadhi ya maswali kwa mdomo.

Ukigundua kwamba mtoto anachapwa au kudhihakiwa kwa kutosoma, fahamu kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu za kuumiza mwili na za kudhalilisha. Sheria hiyohiyo imekataza kumrudisha mtoto darasa, jambo ambalo kwa mwenye disleksia halina faida hata hivyo, kwa kuwa anarudia njia ileile iliyomshinda.

Tathmini rasmi hufanywa katika vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, ambavyo walimu wote wanavijua kwa jina la EARC na ambavyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti yako ndogo kilichopo karibu na siku zake za kazi, kwa sababu afisa mmoja mara nyingi huhudumia shule nyingi. Chuo Kikuu cha Maseno kina idara ya elimu maalumu, na Nairobi iko taasisi ya KISE, iliyoanzishwa 1986, ambayo huandaa walimu wa elimu hiyo na pia hutathmini watoto. Ukipata mtaalamu wa kibinafsi, muulize kama atampima mtoto katika Kiswahili pia. Anayepima kwa Kiingereza pekee mtoto wa Ahero au wa Mumias anaweza kuandika disleksia pasipo nayo, au kuikosa iliyopo.

Nenda na daftari za imla za mihula miwili, ripoti za shule, karatasi zako za uchunguzi zenye tarehe, matokeo ya macho na masikio, na maelezo mafupi juu ya lini alianza kuzungumza, lugha alizokulia na jamaa waliopata shida ya kusoma. Usisahau kupeleka pia kitu kinachoonyesha uwezo wake, iwe gari la waya alilolitengeneza au hesabu za kibanda alizokusaidia kuzipanga, ili mtathmini aone pande zote mbili za pengo. Kabla ya kuondoka, omba ripoti iliyoandikwa na kugongwa muhuri, inayosema wazi mtoto asaidiwe kwa njia gani na kama atahitaji muda wa ziada katika mitihani. Toa nakala tatu: moja ya mwalimu wa darasa, moja ya mwalimu mkuu, na moja uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa atakapoingia sekondari msingi atakutana na walimu wapya ambao hawajapata habari zake.